Ruiru na Thika: Tunahamia Shambani Huku Tukilifuta Shamba

Wengi wanaotafuta pa kuishi nje ya Nairobi hujiuliza kama inafaa kuhamia Ruiru au Thika. Majibu huwa yale yale. Kodi ya nyumba ni nafuu, hewa ni ya ubaridi, mboga na matunda yanatoka karibu. Kwa upande wa pili kuna foleni ya magari alfajiri, maji ya mfereji yanayokuja kwa zamu, na ploti zilizouzwa kabla barabara hazijafika. Hayo yote ni kweli, lakini yakihesabiwa hivyo yanaonekana kama mambo yasiyohusiana. Maoni yangu ni kwamba faida za kuishi huku zinatokana na mashamba, na sehemu kubwa ya kero tunazolalamikia inatokana na namna tunavyoyaondoa.

Sensa ya 2009 ilihesabu watu takribani 239,000 katika mji wa Ruiru. Kufikia sensa ya 2019 walikuwa wameshapita 490,000, yaani zaidi ya maradufu katika miaka kumi. Katikati ya miaka hiyo, Novemba 2012, Rais Mwai Kibaki alifungua barabara kuu ya Thika iliyopanuliwa, na ardhi ya pande zote mbili ikapanda thamani. Tatu City, mji mpya wa karibu ekari 5,000, unajengwa juu ya mashamba ya kahawa. Kwingineko hakuna mji uliopangwa. Shamba hukatwa vipande vya futi hamsini kwa mia, takribani sehemu ya nane ya ekari kila kimoja, na kila mnunuzi hujichimbia shimo lake la majitaka. Udongo uliokuwa ukinyonya mvua ya masika sasa umefunikwa kwa mabati na zege, na maji hayo huteremka kwa kishindo hadi kwenye mito ya Ruiru na Ndarugu, yakisomba uchafu njiani.

Tuangalie kinachofunikwa. Upande wa magharibi wa barabara, kuelekea miinuko ya Gatundu na Githunguri, kuna udongo mwekundu wenye kina, uliotokana na volkano. Ukichanganya udongo huo na mwinuko wa mita 1,500 hivi na kwenda juu, pamoja na misimu miwili ya mvua, unapata ardhi ambayo Kenya haina nyingi, kwa maana sehemu kubwa ya nchi ni kame au nusu kame. Si bahati kwamba utafiti wa kahawa uliwekwa Ruiru. Ndiko ilikotoka Ruiru 11 mwaka 1985, mbegu inayostahimili ugonjwa wa chulebuni na kutu ya majani, na leo jina la mji huu linatajwa mashambani kote nchini. Thika nayo, iliyofikiwa na reli mwaka 1913, ilikua kwa kusindika mazao ya shambani: mananasi, kahawa, makadamia. Mpangaji anayefanya kazi kiwandani Thika anaweza kuwa hajawahi kushika jembe, ila mshahara wake unaanzia ardhini.

Atasimama mtu aseme kahawa hailipi, na kumzuia mkulima asiuze ni kumfunga kwenye umaskini. Hoja hii ni nzito. Mfumo wa kimataifa wa mgao wa kahawa ulipovunjika Julai 1989, bei ilianguka vibaya, na Kenya iliyokuwa ikizalisha takribani tani 130,000 kwa mwaka haijarudi kwenye kiwango hicho. Isitoshe, mashamba mengi makubwa ya eneo hili yalitokana na ukoloni kuwapora Waafrika ardhi yao, na vibarua wa kuchuma hawajawahi kunona. Kwa hiyo sitetei mwenye hati, wala simwambii mtu ang'ang'anie mibuni inayomtia hasara. Ninachotetea ni udongo. Kahawa ikishindwa, ardhi hiyo hiyo hukubali parachichi, mboga, majani ya ng'ombe wa maziwa, na soko la jiji lenye mamilioni ya walaji liko umbali wa saa moja hivi. Kushindwa kwa zao moja si ushahidi kwamba ardhi imeshindwa.

Wengine watauliza, watu wakalale wapi? Hitaji la nyumba ni la kweli, na vijana wanaoanza maisha hawapaswi kulaumiwa kwa kutafuta ploti wanayoimudu. Jibu liko ng'ambo ya barabara. Mashariki, kuelekea Juja Farm, mvua hupungua na udongo ni mweusi wa mfinyanzi, au mwembamba juu ya mwamba. Mawe ya Ndarugu yanayojenga nyumba zetu huchimbwa huko huko. Kweli, udongo mweusi unadai msingi wa gharama zaidi, na hili wajenzi wanalijua. Lakini gharama hiyo hulipwa mara moja, na nyumba za ghorofa zilizounganishwa na bomba moja la majitaka huchukua familia nyingi kwenye eneo dogo.

Sheria haikosekani. Kifungu cha 66 cha Katiba ya 2010 kinairuhusu serikali kudhibiti matumizi ya ardhi kwa ajili ya mipango, na shamba haligeuzwi makazi kihalali bila kibali cha kaunti. Mpango wa maendeleo wa kaunti unaotumika sasa unaishia 2027, na mpango utakaoufuata lazima upite kwenye vikao vya wananchi. Mkazi mpya wa Ruiru ana haki ya kuketi katika vikao hivyo sawa na mzee aliyezaliwa Gatundu, na aulize ni ekari ngapi za udongo mwekundu zitabaki za kilimo, zimechorwa kwenye ramani ipi, na ni nani aliyetia sahihi vibali vya kubadilisha zile zilizokwisha kwenda.