Kutafuta Chanzo cha Hitilafu za import katika Vifurushi vya Python Vilivyokwisha Kusakinishwa

Amri ya `import` katika Python hufanya kazi mbili. Kwanza hutafuta moduli katika orodha ya folda iitwayo `sys.path`; kisha, ikiipata, huiendesha. Hitilafu inaweza kuzuka katika kazi yoyote kati ya hizo, na tiba zake ni tofauti. Wengi hukimbilia kusakinisha upya kabla ya kujua tofauti hiyo. Mjini Goma, ambako mega za intaneti hununuliwa na umeme hukatika, haraka hiyo ni hasara, kwa kuwa karibu uchunguzi wote unaohitajika hufanyika bila mtandao.

Mfano unaoufaa mji huu ni ObsPy, kifurushi cha kuchambua mitetemo ya ardhi kilichoanzia Chuo Kikuu cha Ludwig Maximilian, München. Goma imekaa chini ya Nyiragongo, mlima uliolipuka Januari 17, 2002 na tena Mei 22, 2021. Mji una kituo cha uchunguzi wa volkano, OVG, tangu 1986, na mtandao wa KivuSNet hupima mitetemo ya eneo la Kivu na Virunga. Mwanafunzi anayejifunza kusoma rekodi za namna hiyo, ambazo aghalabu huwa faili za miniSEED, huandika `import obspy`. Mstari huo mmoja huita pia vifurushi vingine kama NumPy na SciPy, hivyo ObsPy inaweza kulaumiwa kwa kosa lisilo lake.

Kwa sababu hiyo ujumbe wa hitilafu husomwa kuanzia chini. `ModuleNotFoundError`, iliyoingia na toleo la 3.6, humaanisha kwamba moduli haikuonekana kabisa katika folda zilizotafutwa. `cannot import name` humaanisha kwamba moduli imeonekana, lakini jina lililoombwa halimo. `DLL load failed` kwenye Windows, au `cannot open shared object file` kwenye Linux, huonyesha kwamba sehemu iliyojengwa kwa lugha kama C imeshindwa kupakiwa.

Moduli isipoonekana ilhali imesakinishwa, sababu ya kawaida ni kuwepo kwa Python zaidi ya moja kwenye kompyuta: ya mfumo, ya Anaconda, na ya mazingira yaliyotengwa kwa `venv`. `pip` huweka kifurushi katika mojawapo, na programu huendeshwa na nyingine. `import sys; print(sys.executable)` huonyesha Python inayotumika hasa, na kuandika `python -m pip` badala ya `pip` peke yake huhakikisha kwamba zote mbili ni za mahali pamoja. Majina nayo hupotosha: Pillow huitwa kwa `PIL`, scikit-learn kwa `sklearn`, opencv-python kwa `cv2`.

Kosa lililo gumu zaidi kuonekana ni la faili ya mtumiaji mwenyewe. Folda ya programu inayoendeshwa hutangulia katika `sys.path`, kwa hiyo zoezi lililohifadhiwa kwa jina `obspy.py` hukifunika kifurushi halisi. Pale kifurushi kinapoitika ila kikakosa kilichomo, `print(obspy.__file__)` hutaja faili iliyochukuliwa; ikiwa ni hiyo ya zoezi, kubadilisha jina lake kunatosha.

Kundi jingine ni la matoleo yasiyopatana. NumPy 2.0 ilitoka Juni 2024, na vifurushi vilivyojengwa kwa NumPy 1 vilianza kukataa kupakiwa. Ujumbe wake huwa mrefu, lakini hueleza wazi kwamba moduli ilijengwa kwa NumPy 1.x; kuiweka NumPy chini ya toleo la 2, au kusasisha kifurushi kinacholalamika, humaliza tatizo. Python 3.12, ya Oktoba 2023, nayo iliondoa `distutils`, na `venv` yake haiweki tena `setuptools`; vifurushi vya zamani vinavyotegemea `pkg_resources`, iliyokuja pamoja na `setuptools`, huanguka hapo. `python -m pip check` hutaja vifurushi ambavyo mahitaji yao yaliyoandikwa hayakutimizwa.

Umeme ukikatika katikati ya kusasisha kifurushi, folda zenye majina kama `~umpy` huweza kubaki ndani ya folda ya vifurushi, `site-packages`, na `pip` hutoa onyo la `Ignoring invalid distribution`. Folda hizo hufutwa, kisha kifurushi hicho kimoja tu husakinishwa tena.

Kunakili folda ya kifurushi kwa flashi kutoka kompyuta ya mtu mwingine ni njia mbaya, hata kama `import` itakubali. ObsPy huzitambua aina za faili kupitia maelezo yaliyo katika folda ya pembeni yenye mwisho wa `dist-info`; ikiachwa nyuma, `read()` hushindwa kuitambua hata miniSEED. Njia salama ni kupakua mara moja, penye mtandao mzuri, kwa `python -m pip download -d mfuko obspy`, kubeba folda `mfuko` kwa flashi, na kusakinisha kwa `python -m pip install --no-index --find-links=mfuko obspy`. Kwa amri hizo peke yake, mfumo wa kompyuta na toleo la Python lazima vilingane pande zote mbili. Ikiwa inayopakua ni ya Linux na inayopokea ni ya Windows, amri ya kupakua huongezewa `--platform win_amd64`, `--only-binary=:all:` na `--python-version` yenye toleo la kompyuta inayopokea.