Kura ya Hofu, Ulaya na Kwetu Rhamu

(Mawaidha kwa vijana baada ya Swala ya Taraweh, Rhamu)



Shukrani zote ni za Allah (S.W.) aliyetufikisha katika mwezi huu mtukufu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Wabaad. Wazee wetu, mama zetu, na nyinyi vijana mlioomba mada hii, nawashukuru.

Mada yenyewe ilianzia kwenye futari. Kijana mmoja alitusikilizisha ujumbe wa sauti kutoka kwa abti wake anayeishi Sweden. Abti alisema chama kinachotaka wageni wapunguzwe kimekuwa kikubwa huko, na watoto wake wanamuuliza kama watafukuzwa. Kijana akanigeukia: "Maalim, mbona watu hawa wanatuchukia? Tumewakosea nini?"

Swali ni zuri, lakini naomba tuligeuze kidogo. Tuulize hivi: ni kitu gani kinachomfanya mtu wa kawaida, mwenye mke na watoto, mwenye jirani anayemsalimia, atoke asubuhi akampigie kura mtu anayemwambia "adui yako ni yule"? Ukilijibu hilo kwa haki, utaona kwamba jibu haliko Ulaya peke yake. Na haki tumeamrishwa. Sura ya Al-Maida, aya ya 8, inatukataza tusiache uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu fulani. Basi tuanze na hesabu, kisha sababu.

Sweden, chama hicho kiliingia bungeni mara ya kwanza mwaka 2010 kwa asilimia 5.7 ya kura. Mwaka 2022 kilipata asilimia 20.5. Ufaransa, Jean-Marie Le Pen alipofika duru ya pili ya urais mwaka 2002 alipata karibu asilimia 18. Binti yake Marine alipata zaidi ya asilimia 41 mwaka 2022. Ujerumani, chama cha AfD kilianzishwa mwaka 2013, na Februari 2025 kilipata asilimia 20.8. Ndugu zangu, hao si wahuni wachache wa mtaani. Kule Sweden na Ujerumani ni mtu mmoja katika kila watano waliopiga kura.

Je, wote ni wabaguzi? Wabaguzi wapo, na tusijidanganye. Lakini chuki peke yake haitoshi kueleza. Wengi wao ni watu wale wale ambao zamani walipigia kura vyama vingine. Nini kiliwabadilisha? Mimi naona mambo matatu.

La kwanza ni hofu ya kupoteza. Kaskazini mwa Ufaransa kuna mji unaitwa Hénin-Beaumont. Ulikuwa mji wa wachimba makaa ya mawe, na kwa miaka mingi uliongozwa na vyama vya mrengo wa kushoto. Migodi ya eneo lile ikafungwa, wa mwisho mwaka 1990. Mwaka 2014 mji huo ukamchagua meya wa chama cha Le Pen. Mashariki mwa Ujerumani ni vivyo hivyo: baada ya nchi kuungana mwaka 1990, viwanda vingi vilifungwa na vijana wakahamia magharibi. Leo huko ndiko AfD ina nguvu zaidi. Na angalia sana, mpiga kura huyu si lazima awe fukara kabisa. Mara nyingi ni mwenye kidogo chake, anayeogopa kwamba kesho hata hicho hatakuwa nacho. Anakuja mtu, anamwambia: aliyekichukua ni yule mgeni.

La pili ni kutojuana. Mwaka 2009 Uswisi walipiga kura ya maoni kuhusu kujenga minara ya misikiti. Nchi nzima ilikuwa na minara minne tu! Asilimia 57.5 wakasema ipigwe marufuku. Lakini Geneva, mji wenye Waislamu wengi na mmoja kati ya minara hiyo minne, ulikataa marufuku hiyo. Mkoa mdogo wa milimani wa Appenzell Innerrhoden, ambako Muislamu ni nadra kumuona, uliipitisha kwa zaidi ya asilimia 70. Yaani waliomuogopa Muislamu zaidi ni wale ambao hawajapata kunywa naye chai.

Lakini tusiseme ni Uislamu tu unaoogopwa. Uingereza kuna mji unaitwa Boston. Baada ya mwaka 2004 walikuja kwa wingi wafanyakazi wa mashambani kutoka Poland, Lithuania na nchi jirani, watu weupe, wengi wao Wakristo. Mji ukabadilika haraka. Mwaka 2016, watu watatu kati ya kila wanne waliopiga kura huko walitaka Uingereza itoke Umoja wa Ulaya. Kwa hivyo mgeni anaweza kuwa wa rangi yako na dini yako, na bado ukaambiwa ni adui.

La tatu ni kuvunjwa moyo na wakubwa. Mtu anachagua chama hiki, hali ni ile ile. Anachagua kile, hali ni ile ile. Hatimaye anatokea msemaji hodari anayesema: hao wote ni wezi, mimi peke yangu ndiye sauti yenu. Aliyechoka humsikiliza.

Sasa, ndugu msomaji, tuache Ulaya tuje kwetu.

Sisi watu wa Kaskazini Mashariki tunaijua ladha ya kuitwa mgeni. Mwaka 1989 serikali iliwataka Wasomali wa Kenya wathibitishe kuwa ni Wakenya, wakapewa kadi maalum ya rangi ya waridi. Wazee waliozaliwa hapa hapa waliulizwa babu yao alitoka wapi. Iliuma, na mpaka leo inauma.

Lakini na sisi wenyewe tunalo neno letu, galti. Mtu akikaa karibu nawe miaka thelathini, mkaoleana, mkazikana, siku ya siasa anaitwa galti, aliyekuja. Je, hilo lina tofauti gani na la Boston?

Kumbukeni jinsi mambo yalivyokwenda. Katiba mpya ilipita mwaka 2010. Majimbo ya bunge ya Mandera yakaongezeka kutoka matatu hadi sita. Ikaja kaunti mwaka 2013, na mabilioni ya shilingi kila mwaka. Ilikuwa neema kwa watu waliosahauliwa tangu uhuru. Lakini pamoja na neema ikaingia hofu: wale wakichukua kiti, sisi tutapata nini? Visima vitakuwa vya nani? Ajira na basari je? Kuanzia mwaka 2012 hadi 2014 Garre na Degodia walipigana, hapa Rhamu, Banissa, na kuelekea Wajir. Watu walikufa, maelfu wakakimbia makwao. Wengine kati yenu mlikuwa wadogo, mkibebwa mgongoni. Wote waliopigana walikuwa wanafunga Ramadhan moja na kuelekea Kibla kimoja.

Siwezi kuwalaumu wazee kwa kila kitu. Utaratibu wa koo kukaa na kugawana viti kabla ya uchaguzi una faida yake: unaweza kuzuia damu, na ukoo mdogo ukapata chochote. Ila ubaya wake nao tuuseme. Ambaye hayuko kwenye kikao hana kitu, na kijana anaambiwa nani wa kumchagua kabla hajauliza mtu huyo anaweza kazi gani. Mwaka 2016 baraza la wazee wa Garre liliamua viongozi waliochaguliwa wawapishe wengine. Gavana Ali Roba alikataa, akasimama tena mwaka 2017, na akashinda. Sisemi aliyeshinda alikuwa bora au mbaya. Nasema tu kwamba mpiga kura wa Mandera akitaka kuamua mwenyewe, anaamua.

Na kura ya hofu inaleta nini? Uholanzi, chama cha Geert Wilders kilikuwa cha kwanza mwaka 2023, viti 37 kati ya 150. Kikaingia serikalini. Juni 2025 Wilders akajitoa, serikali ikaanguka, na uchaguzi wa Oktoba ukampa viti 26. Hata wapiga kura wake wengi walimwacha. Na hapa kwetu, jiulize: ukoo wako uliposhinda, maji yalikufikia nyumbani? Zahanati ilipata dawa? Au ulipata furaha ya wiki moja tu, kwamba wale wameshindwa?

Vijana, nawaachia mambo matatu, nayo ni mepesi kuliko saumu.

Moja: mgombea akikutajia adui, mwache amalize, kisha muulize, "Sawa, na baada ya hapo utafanya nini?" Akiwa na jibu la maji, barabara na shule, msikilize. Akirudia jina la adui, umeshamjua.

Mbili: kabla Ramadhan haijaisha, mwalike futari jirani wa ukoo ambao si wako. Usimwalike kiongozi wao, mwalike jirani. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 13, inatuambia tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane, na kujuana hakuwezekani kwa mbali.

Tatu: wewe mwenye abti Ulaya, mpigie simu. Mwambie asijifungie ndani. Sweden, hata asiye raia akishakaa kihalali miaka mitatu anaweza kupiga kura ya manispaa, basi aipige. Ujerumani, kila tarehe 3 Oktoba tangu mwaka 1997, misikiti mingi hufungua milango majirani waingie waone. Na yeye afungue wake.

Nilimjibu yule kijana hivi: wengi wao hawatujui, na wanaogopa. Akanyamaza, kisha akasema, "Kama sisi na wale wa ng'ambo ya barabara." Nikamwambia, ndiyo, mwanangu. Uchaguzi wa 2027 uko njiani, nao utatuonyesha kama tumejifunza.

Allah atutakabalie saumu zetu, awahifadhi ndugu zetu walioko ugenini, atuondolee hofu inayotugombanisha, na aujaalie mji wetu wa Rhamu amani ya kudumu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.