Staji ya Kutunza Sokomutu: Mazungumzo na Wahamiaji na Wakubwa wa Vijiji



Leo nataka tuongee juu ya kazi ambayo wengi hawaihesabu kati ya kazi: kutunza wanyama wa pori walioumizwa na watu. Msicheke. Sikilizeni kwanza, halafu mpime wenyewe.

Katika Kivu ya Kusini, teritware ya Kabare, kuna pahali panapoitwa Lwiro. Mwaka 2002 palianzishwa hapo kituo cha kutunza sokwe-mtu, ambaye hapa kwetu tunamwita sokomutu, pamoja na kima wengine waliookolewa mikononi mwa wawindaji na wachuuzi. Si mbali na hapo kuna mbuga ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970. Mnajua yaliyopita katika nchi hiyo: vita vya 1996, vya 1998, na tena Februari 2025 vita vilipofika Kavumu na Bukavu. Kila mara watu walikimbia, na kila mara pori nalo liliumia.

Mtoto wa sokomutu hunyonya miaka minne hata mitano, na mama yake hamwachii mtu. Basi ukiona mtoto anauzwa njiani, ujue mama yake ameuawa, na pengine wengine wa jamaa yake waliojaribu kumtetea. Mtoto huyo anafika kituoni na msiba wake. Wengine wanafika na mkono uliokatwa na mtego wa waya.

Sasa wewe kijana, fikiri umekubaliwa kufanya staji katika kituo cha namna hiyo. Siku ya kwanza utapewa fagio. Utasafisha vizimba, utaosha vyombo, utakata viazi vitamu na ndizi. Utafunika mdomo na pua, maana mafua yetu na kifua kikuu chetu vinaweza kuwaua. Ukiamka unakohoa, utarudishwa nyumbani. Hutawabeba ili upigwe picha. Wengine huvunjika moyo hapo hapo. Wewe vumilia, kwa sababu somo lenyewe liko mbele.

Mtoto mgeni hatupwi katikati ya kundi siku anapofika. Kwanza anatengwa, apimwe magonjwa. Mlezi mmoja anampa maziwa kwa chupa na kumbeba kifuani, kwani huzuni inaweza kumfanya akatae chakula. Akipata nguvu, anawekwa pahali ambapo anawaona wenzake kupitia waya. Wananusana. Wanagusana vidole. Kisha walezi wanachagua mmoja aliye mpole, wanamkutanisha naye. Baadaye wa pili, baadaye wa tatu. Wakipigana wanatenganishwa, na siku nyingine wanajaribu tena. Inaweza kuchukua juma chache, inaweza kuchukua miezi. Kazi yako katika staji ni kutazama na kuandika: nani alimsogelea nani, nani alikimbia, nani alimsafisha mwenzake manyoya.

Mholanzi mmoja mwenye elimu ya wanyama, Frans de Waal, aliandika na mwenzake mwaka 1979 kwamba sokomutu waliogombana hutafutana baada ya ugomvi, hukumbatiana, hata hubusiana. Sisemi kwamba mtu ni mnyama. Mtu anadaiwa ukweli, na aliyeua lazima ajibu mbele ya sheria. Lakini ikiwa tunamwekea mnyama mgeni waya, mlezi na muda, kwa nini sisi watu tunarundikana kijiji kimoja kwa amri tu, halafu tunashangaa wakigombana kisimani?

Najua neno linalosemwa kambini: "Wanyama wananyweshwa maziwa, watoto wetu wanalala njaa." Neno hilo si la kijinga. Asilijibu mtu kwa hasira. Mimi nasema hivi: kumwacha mnyama afe hakutajaza sahani ya mtoto wako. Kituo kinahitaji ndizi, viazi na mboga kila siku, kwa hiyo mkulima wa karibu anaweza kupata soko. Kinahitaji pia walezi, wajenzi na walinzi. Lakini jibu hilo halitoshi ikiwa nafasi zote zinakwenda kwa ukoo mmoja.

Hapo nawageukia ninyi wakubwa wa vijiji. Mkiombwa majina ya vijana wa kufanya staji, wekeni mwenyeji na mhamiaji, msichana na mvulana. Yule asiye na karatasi za shule kwa sababu nyumba yake iliungua, ulizeni waliosoma naye, mumwandikie ushuhuda. Vijana wawili wanaoshika ndoo moja kila asubuhi watajuana kuliko wazee ishirini waliokaa katika mkutano wa siku moja.

Nanyi wahamiaji, mniruhusu neno moja. Mtu akikuletea mtoto wa sokomutu, usimnunue, hata kwa huruma. Pesa yako itamtuma arudi porini kuua mama mwingine. Peleka habari kwa walinzi wa mbuga. Sheria ya nchi inakataza kumuua na kumuuza. Na mtego wa waya uliotegwa kwa swala haujui kuchagua mkono wa kukata.

Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi hulitumia neno hili kumfukuza mgeni. Lakini anayepewa jembe amekwisha kuhesabiwa kati ya watu wa nyumba. Amepewa sehemu ya kazi, na jioni atadai sehemu ya chakula bila aibu.

Basi kila mkubwa anayenisikiliza ajiulize usiku wa leo: katika kijiji changu, ni mgeni gani amemaliza miaka miwili na bado hajapewa jembe, wala hata fagio?