Mzizi Hutafuta Maji, Tuufungulie Njia

Hotuba ya afisa wa kilimo wa wadi kwa wakulima, kabla ya mvua za vuli



Leo sikuja na mbegu mpya. Nimekuja tuzungumze juu ya kitu tusichokiona: mzizi wa mahindi ulio ndani ya udongo.

Ukame ukiingia, mmea hauwezi kuhama. Hutegemea homoni, yaani kemikali zinazobeba ujumbe ndani ya mmea. Udongo ukikauka, homoni iitwayo asidi ya absisiki huongezeka. Kwenye majani hufunga vitundu vinavyopitisha mvuke, maji yasipotee. Kwenye mizizi husaidia ncha iendelee kurefuka hata kama shina limedumaa. Homoni nyingine, oksini, huelekeza mahali matawi ya mzizi yatakapoota: huota upande uliogusa unyevu, upande mkavu huachwa.

Ndiyo maana ukimwagilia sukuma wiki kidogo kidogo kila jioni, mizizi hubaki juu palipolowa. Miche ikishashika, mwagilia maji yazame, kisha pumzisha siku kadhaa.

Lakini kuna jambo linalotuangusha. Shamba likilimwa miaka mingi kwa kina kile kile, chini ya jembe hutokea tabaka gumu. Mzizi hutoa gesi ya ethilini, ambayo nayo ni homoni. Katika udongo laini gesi hiyo hutawanyika. Katika udongo ulioshindiliwa hunaswa karibu na mzizi, na mzizi huacha kurefuka. Hapo mahindi hunyauka juu, na unyevu upo chini.

Ukirudi nyumbani, chimbua bua la mahindi la msimu uliopita. Ukikuta mizizi imepinda kwenda kando kana kwamba imegonga sakafu, tabaka hilo unalo. Lipasue sasa, udongo ungali mkavu, kwa ripa ya ng'ombe au ya trekta. Asiye na ripa achimbe mashimo ya zai yapite tabaka hilo, atie samadi na matandazo. Usisubiri mvua, udongo uliolowa ukikanyagwa na trekta hushikana zaidi.

Mvua hatuiamrishi. Ila mzizi unajua kutafuta maji. Kazi yetu ni kuufungulia njia kabla ya tone la kwanza.