Risasi moja ndani ya bunduki ya kuwinda

(Maneno tuliyowaambia wawindaji na mafundi wa vyuma)



Kwanza tuungame kosa letu. Zamani, tulipozungumza juu ya silaha ndogo ndogo, tulisema: "Leteni bunduki zote." Mwindaji akasikia anaitwa muasi, akanyamaza, akarudi nyumbani. Leo hatukuja kuomba bunduki. Tumekuja kuongea juu ya kile mnachotia ndani yake.

Mnajua kwa nini inaitwa kalibre 12? Wazungu wa zamani walichukua ratili moja ya risasi, yaani yale madini, wakaigawa katika madonge 12 ya mviringo. Donge moja ndilo lililoenea mtutu: gramu 38 hivi, upana milimita 18 na nusu. Basi anayeyeyusha chembe za kartushi ili apate donge moja la kumwulia mbogo hakubuni jambo jipya. Lakini mtutu wake siyo ule wa kiwandani. Poupou zetu hutengenezwa kwa bomba la maji au chuma cha gari. Donge likikwama, nguvu ya baruti inakosa njia, na bomba linapasuka karibu na uso. Vidole na macho havirudi.

Na ile sufuria ya kuyeyushia, je, mama hapikii sombe kesho yake? Moshi na vumbi la risasi huharibu ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama.

Lakini linalotutia wasiwasi zaidi ni hili. Chembe hutawanyika, na kupita mita 40 au 50 hupungua nguvu. Donge moja linakwenda mbali sana, tena bila kunyooka, maana mtutu laini hauliongozi. Likimkosa mnyama, linaweza kumkuta mtu shambani. Na jirani akisikia kwamba kwa fulani wanayeyusha risasi usiku, hatasema ni ya mbogo. Atasema, "Wanajitayarisha." Naye atamtafuta fundi wake. Huku Kivu poupou zilishika njia hiyo, kutoka kwa mwindaji mpaka kwa Mai-Mai.

Sheria ya silaha ya 1985 inadai kibali. Mkataba wa Kinshasa wa 2010, ulioanza kutumika 2017, unataja masasi pia, hata vipande vya kutengenezea silaha. Tunajua kwamba ofisi ya kibali iko mbali na franga ni chache. Hilo tutalipeleka kwa wakubwa, siyo kwenu. Kwenu tunaomba mambo mawili: madonge yasiyeyushwe tena, na kila kijiji kijue wazi nani ana bunduki na ya kazi gani.

Sasa tunamwachia neno mzee fundi aliyekaa pale nyuma. Mkono wake mmeuona. Amekubali kueleza mwenyewe.