Video ya Harusi Inapogoma

Ninyi mnaohariri video za harusi nyumbani, leo ni zamu yenu.

Kwaya inaimba, midomo imebaki nyuma ya sauti? Usiilaumu kompyuta haraka. Simu nyingi hurekodi kwa mwendo unaobadilika: kwenye mwanga, picha 30 kwa sekunde, ukumbi ukiwa na giza, zinapungua. Programu ya kuhariri inapenda mwendo mmoja. Pitisha faili kwanza kwenye programu ya HandBrake, ambayo ni ya bure, chagua mwendo usiobadilika, 25 au 30, ndipo uanze kukata.

Picha ikikwamakwama unapohariri, lakini video iliyokamilika iko sawa, basi mashine imelemewa tu. Programu za kuhariri Kdenlive na Shotcut, za bure pia, hutengeneza nakala nyepesi za kufanyia kazi. Video ya mwisho hutolewa kutoka faili halisi.

Programu ikijifunga yenyewe, angalia kwanza nafasi iliyobaki kwenye diski. Na kuhariri moja kwa moja kutoka kwenye flashi, jamani, acheni! Umeme ukikatika ghafla, fungua programu tena: mara nyingi itakuuliza kama irejeshe kazi yako. Kubali, kisha ihifadhi kwa jina jipya.