MIGUU IKICHOKA, MTU ABAKI NA KAZI



Mkimbiaji ni mfanyakazi kama sisi. Chombo chake cha kazi ni miguu, nayo haidumu miaka mingi. Siku ya ushindi sote twamshangilia. Akiumia goti, nani humwuliza hali?

Tumtazame Bwana Kipchoge Keino. Aliposhinda mita 1500 huko Mexico mwaka 1968, alikuwa askari polisi mwenye mshahara. Mwaka 1972 akapata dhahabu nyingine huko Munich. Baadaye yeye na mkewe walilea mayatima kwao Eldoret.

Siku hizi wengi hukimbilia zawadi za ng'ambo kwa mikataba ya mawakala. Mwaka usio na ushindi hauna mshahara.

Basi twasema mambo matatu. Kijana asitie sahihi mkataba asioufahamu. Aulete tawini tuusome pamoja. Sehemu ya zawadi iwekwe katika chama cha akiba. Tena ajifunze ufundi angali ana nguvu.

Haya twayadai kwa kila mfanyakazi. Tusiwanyime watoto wetu kwa kuwa kazi yao ni mbio.

Umoja ni nguvu.